Darasa la udongo Magu linawezekana, ila paa litangulie

Kila bei ya saruji inapopanda, wazo la kujenga kwa udongo hurudi mezani. Kwa wilaya kama Magu, mkoani Mwanza, linavutia kweli. Sehemu kubwa ya saruji inayouzwa Kanda ya Ziwa husafirishwa kutoka mbali, wakati udongo uko palepale saiti.

Ieleweke kwanza kinachozungumzwa. Si nyumba ya fito na tope, na si matofali ya kuchoma, ambayo yanahitaji kuni nyingi katika eneo ambalo miti imeshapungua. (Shinyanga jirani, hali ilifika mahali Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 ili kurudisha uoto.) Hapa ni ukuta wa udongo wa kushindilia: udongo wenye unyevu kidogo humwagwa kati ya mbao mbili, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka uwe mgumu kama jiwe. Mbao zikiondolewa, ukuta umesimama.

Mfano mkubwa uko kwenye ziwa hilihili. Entebbe, Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, iliyofunguliwa mwaka 2021, ina kuta za namna hiyo. Iliyoichora ni ofisi ya Mtaliano Renzo Piano, na udongo ulichimbwa kwenye kiwanja chenyewe. Kwa hiyo hoja ya "udongo ni wa maskini" haina mashiko tena.

Swali ni pesa. Na hapa hesabu inashangaza.

Saruji inaokolewa kweli?

Chukua darasa la mita 7 kwa 9, ukuta wa mita 3 kwenda juu na unene wa sentimita 40. Ukitoa milango na madirisha, unabaki na takriban mita za ujazo 30, sawa na tani 60 za udongo ulioshindiliwa. Mafundi wengi huongeza saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 8, ili ukuta usilainike kwa mvua. Inaonekana ndogo, sivyo? Asilimia 6 ya tani 60 ni tani 3.6, yaani mifuko 72.

Ukuta wa tofali za inchi 6 wa darasa hilohilo, ukijumlisha kujengea na lipu pande zote mbili, unaweza usifike mifuko 60. Maana yake ukiutia saruji ukuta mzima wa udongo, umetoka jasho la tani 60 na dukani umelipa zaidi. Hata tofali za kufungamana za udongo na saruji, ambazo wakala wa utafiti wa nyumba NHBRA umezihamasisha kwa miaka mingi, zitakula saruji kidogo kwa sababu ukuta wake ni mwembamba.

Faida ya kushindilia inakuja pale tu saruji inapobaki sehemu ya chini inayorushiwa maji, na kazi ya kuzuia mvua wakaachiwa msingi na paa. Msingi Magu si tatizo, mawe yapo. Tatizo ni paa.

Boma halitasubiri

Majengo mengi ya umma vijijini huanza kama boma. Wananchi wanachanga, wanasomba mchanga na maji, wanapandisha ukuta hadi kwenye linta, kisha wanasubiri Serikali imalizie. Kuna maboma yamekaa miaka bila bati. Tofali la saruji huvumilia hilo, na la kuchoma angalau hujikongoja. Ukuta wa udongo usiotiwa saruji hauvumilii. Masika moja tu, nguvu za wananchi zimerudi chini kuwa tope, na hapo usitegemee kijiji kichange mara ya pili.

Wanaofanikiwa kwa udongo huwekeza juu. Entebbe, paa kubwa lenye paneli za sola limetandazwa juu ya jengo lote. Gando, Burkina Faso, shule ya Francis Kéré ya mwaka 2001 ina kuta za matofali ya udongo chini ya bati pana lililoinuliwa juu, lenye upenu mrefu. Kéré huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022.

Serikali inajua kulipia jengo zima ikitaka. Mwaka 2021, kupitia mkopo wa IMF wa Sh1.3 trilioni, ilijenga madarasa 15,000, kila moja likitengewa Sh20 milioni mpaka kukamilika. Kwa jengo la udongo, mpangilio wa namna hiyo ndio unaofaa: fedha za bati zijulikane kabla mtu hajashika nyundo. Linawezekana hata paa kuanza, likasimamishwa juu ya nguzo, kisha watu wakashindilia chini yake kivulini. Nguzo na mkanda wa zege juu ya ukuta zitasaidia pia tetemeko likija. Lile la Kagera la Septemba 2016, ng'ambo ya ziwa, halijasahaulika.

Udongo gani sasa?

Si kila udongo wa Magu unafaa. Mbuga, ule mweusi wa bondeni, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Uachwe kwa mpunga. Luseni, wa kichanga, haushikani wenyewe. Mara nyingi jibu ni kuchanganya, na kipimo cha kwanza hakihitaji maabara: chupa angavu, udongo na maji, tikisa, iache siku nzima. Mchanga utatulia chini, mfinyanzi juu. Baada ya hapo mhandisi wa halmashauri achukue sampuli zake.

Kazi hii ni ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Kijiji kinachotaka kushindilia mwaka huu kinatakiwa kuwa na chupa hizo mezani, na bati stoo, kabla pamba haijaisha shambani.