Bwati ya vitesi ikichoka: juu ya nini mwenyi taksi wa Kisangani analipa barabara mara mbili

Katika garaji za Makiso, Mangobo na Kabondo kuna magari yanayolala wiki nzima, hata miezi, wakati motere yao ingali nzima. Kilichokufa ni bwati ya vitesi. Kwa wingi ni Toyota za zamani, zilizotembea miaka mingi Japani ao Ulaya kabla ya kufika hapa, na kontere yao haisemi ukweli kila mara. Taksi moja ikisimama, nyumba mbili zinaumia: ya mwenyi gari anayengojea versema ya jioni, na ya shofere anayeishi na kile kinachobaki kisha versema.

Swali ni lile lile kila mara: tutengeneze bwati hii, tununue ingine ya okazi, ao tuuze gari kwa vipande? Fundi peke yake hawezi kulijibu. Hapa kwetu barabara inaingia katika hesabu mara mbili. Kwanza inaharibu bwati mapema. Kisha inapandisha bei ya ile itakayochukua nafasi yake.

Namna bwati inakufa

Bwati ya manueli inachoka pole pole: vitesi inalia wakati wa kuingia, ao inaruka yenyewe, ao mwendo unaleta sauti ya rulma. Otomatiki inaonyesha dalili zingine: unaweka D, gari inakawia, motere inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, mafuta yamekuwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua.

Tuangalie sasa kazi ya taksi yetu. Watu wanabanana mbele na nyuma, mizigo iko juu. Gari ikizama ndani ya matope, shofere anarusha D, R, D, R ili itoke. Ku otomatiki, ile inachemsha mafuta na kuunguza disiki za ndani. Mvua ikijaza njia, maji yanaweza kuingia kwa kitundu cha kupumulia cha bwati na kuchanganyika na mafuta. Kisha gari ikikufa, tunaivuta kwa kamba hadi garaji. Lakini otomatiki nyingi zinapata mafuta kwa pompi inayozungushwa na motere. Motere ikizimika na magurudumu yanayovuta yakiendelea kuzunguka chini, bwati inajisaga kavu. Gari ambayo ilikuwa na shida ndogo inafika kwa fundi ikiwa na shida kubwa.

Njia tatu za kuleta piesi

Magari haya yanatoka wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mazingira (PNUE) ya mwaka 2020 ilisema kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo ya okazi milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda inchi zingine, na Afrika ilipokea asilimia 40. Majirani wamefunga mulango kidogo: Kenya haipokei gari iliyopita miaka 8, na Uganda, tangu 2018, haipokei iliyopita miaka 15. Gari nzee inaomba piesi nyingi, na piesi lazima zifike hadi Tshopo.

Njia ya kwanza ni muto: kutoka Matadi hadi Kinshasa, kisha karibu kilomita 1,700 kwa balenyere ao baji, kupanda Muto Kongo. Maji yakipunguka, safari inakuwa ndefu zaidi. Njia ya pili ni mashariki: Dubai, Mombasa, Kampala, kisha Ituri ao Butembo, na barabara ya kitaifa namba 4 hadi Bafwasende na Kisangani. Upande wa Ituri na Beni, mashambulizi ya ADF yamefanya magari yatembee kwa kusindikizwa na askari katika sehemu fulani. Tangu Mei 2021 majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini yako chini ya utawala wa kijeshi. Njia ya tatu ilikuwa Goma ao Bukavu, kupitia Walikale na Lubutu. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na Walikale yenyewe ilishikwa kwa muda katika Machi 2025.

Njo maana bwati ile ile ya okazi haiwezi kuwa na bei moja Kampala na Kisangani. Mununuzi analipa transpoti, duane, TVA ya 16% pale inapoombwa, vizuizi vya njiani, na hatari ambayo muchuuzi amechukua.

Hesabu kabla ya kununua

Tuchukue mufano tu, si bei ya soko. Kama versema ni dola 10 kwa siku, na bwati pamoja na mukono wa fundi inaomba dola 600, ile ni siku 60 za kazi bila kula kitu. Kama shasi imeoza na motere inakula mafuta, siku hizo 60 hazitarudi. Kama mwili wa gari ungali muzuri, zinaweza kurudi.

Lakini kabla ya kuhukumu bwati, fundi aangalie vitu vya bei ndogo. Ku manueli, disiki ya ambreyaji iliyokwisha inadanganya watu wengi: gari inakosa nguvu, wanasema bwati. Ku otomatiki, kiwango cha mafuta na aina yake ni jambo la kwanza. Toyota fulani zinaomba T-IV, zingine WS, na bwati za CVT zina mafuta yao peke yake. Kuchanganya ni kuua. Na kama mafuta ya zamani sana yanabadilishwa, ni bora kumwaga na kujaza pole pole, bila kusukuma kwa mashine.

Wengine wanachagua kutoa otomatiki na kuweka manueli, kwa sababu mafundi wengi wa hapa wanaweza kuifungua na kuitengeneza. Inawezekana, lakini inaomba pedali, ambreyaji, volani ya motere na mara ingine kazi ya umeme. Anayetaja bei ya bwati tu hajataja bei yote.

Garanti ni neno tupu?

Shida kubwa ya bwati ya okazi ni kwamba hakuna anayeona ndani yake. Muuzaji anasema «iko safi», fundi anaipandisha siku mbili, gari inakataa, na mununuzi analipa mara ya pili. Mambo matatu yanaweza kumulinda. Kwanza, asome kodi ya bwati kwenye kibao cha gari (ku Toyota ni musitari wa TRANS/AXLE) na ailinganishe na ile anayonunua. Kwa gari ya usukani wa kuume, waangalie pia kabo za vitesi, kwani mara nyingi njo zinatofautiana. Pili, aombe karatasi yenye kodi, bei na siku za kujaribu. Tatu, waandike nani atalipa mukono wa fundi kama bwati inakataa. Karatasi hiyo hailipishwi kitu, na muuzaji anayeikataa amekwisha kujibu.

Feza ya barabara iko

Tangu sheria ya 2008 iliyoanzisha FONER, sehemu ya bei ya mafuta na feza ya peaji zinakatwa ili kutunza barabara. Kwa hiyo mwenyi taksi wa Mangobo amekwisha kulipia barabara kila asubuhi anapojaza tanki. Akinunua bwati mbele ya wakati, analipa barabara ile ile mara ya pili, safari hii mufukoni mwake peke yake.

Vyama vya washofere vinazoea kulalamika juu ya bei ya mafuta na usumbufu wa njiani. Vingeweza kuongeza swali lingine mbele ya serikali ya jimbo: feza ya FONER iliyofika Tshopo mwaka huu ni ngapi, na imetengeneza kilomita gani? Jibu la swali hilo linagusa bei ya bwati kuliko bisho lolote na muuzaji wa piesi.