Maegesho mapya chuoni: Daktari naye ana la kusema

Huenda ukashangaa kwamba wiki hii nimeacha habari za malaria na homa ya matumbo ili nizungumzie mahali pa kuegesha magari. Nivumilie kidogo. Nimetibu wagonjwa jijini Nairobi kwa karibu miaka ishirini, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mengi ya maradhi ninayokutana nayo huanzia kwenye michoro ya ardhi iliyopigwa muhuri katika ofisi ambayo mgonjwa hajawahi kuikanyaga.

Si mbali na kliniki yangu kuna bewa la chuo ambacho sitakitaja. Mwezi uliopita tangazo lilibandikwa langoni. Chuo kinaomba idhini ya serikali ya kaunti ili kipanue maegesho yake kwa nafasi 200. Uwanja utakaotumiwa ni ule wenye mijakaranda, ambao katikati yake hupita njia ya miguu inayotumiwa na wanafunzi wanaoshuka matatu barabarani. Tangazo lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama za karatasi inayowekwa ndani ya pakiti ya dawa, na limefichwa na kibanda cha bawabu. Mama anayeuza njugu hapo langoni aliniambia alidhani ni orodha ya wanafunzi wenye madeni ya karo.

Kabla hujanirukia, nikiri kwamba mimi pia nina gari. Najua uchungu wa kuzunguka mara nne ukitafuta pa kuegesha huku mtu anakusubiri. Sina chuki na wenye magari. Ninalopinga ni kuidhinisha ombi kama hili bila mtu yeyote kuuliza litaiathiri vipi miili ya watu.

Tuanze na hesabu. Gari moja lililosimama huhitaji mita kama 12 mraba, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na kugeuzia, kila nafasi hula mita 25 mraba au zaidi. Nafasi 200 ni mita 5,000 mraba, yaani takribani ekari moja na robo ya lami. Mvua ya milimita 40 ikinyesha alasiri moja, na kwa Nairobi mwezi wa Aprili hilo si ajabu, uwanja huo utapokea lita 200,000 za maji. Hayo ni malori 20 ya maji, yale ya lita 10,000 kila moja. Leo sehemu kubwa ya maji hayo huzama kwenye nyasi na mizizi. Kesho yatatiririka, yakiwa yamechanganyika na oili iliyodondoka chini ya magari, hadi kwenye mtaro ambao tayari umezibwa na chupa za plastiki, na kutoka hapo yaingie katika nyumba za wanaoishi bondeni. Waliopitia mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji daktari kuwaeleza kinachofuata maji machafu yakishaingia kisimani na chooni. Ninachoweza kuongeza ni kwamba wanaoendesha na kuharisha wiki moja baadaye si wale waliokuwa na magari.

Hewa nayo ina hesabu yake. Injini hutoa moshi mbaya zaidi dakika za kwanza baada ya kuwashwa, kwa sababu kifaa kinachosafisha moshi hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate joto. Mengi ya magari yetu huingia nchini yakiwa yametumika kwingine kwa miaka kadhaa, na wapo mafundi wanaokiondoa kifaa hicho kabisa na kukiuza. Sasa fikiria magari 200 yakiwashwa saa kumi na moja jioni, kisha yapange foleni langoni yakingurumia mahali pamoja, na kando yake wanafunzi wanapita. Wenye pumu huja kwangu usiku huo au kesho yake.

Lakini jambo linaloniumiza zaidi ni lile la kutotembea. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanya kwa siku tano za kazi, utapata dakika 30 kwa siku: robo saa ya kutembea kwa mwendo wa haraka kutoka steji hadi ofisini, na robo saa ya kurudi.

Nina mgonjwa mmoja, mhadhiri wa chuo kingine, mwenye umri wa miaka hamsini na ushei. Ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja. Ana presha na sukari iliyoanza kupanda. Kila nikimhimiza afanye mazoezi hunijibu, "Daktari, saa ngapi? Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi nafasi ya kuegesha, narudi saa mbili usiku." Nikamuuliza kutoka gari hadi mlango wa ofisi ni hatua ngapi. Akafikiri, akasema kama thelathini.

Kisha gari lake likaharibika. Kipuri kilichelewa, likakaa gereji majuma matano. Mwalimu akawa anapanda matatu na kutembea kutoka steji, robo saa kwenda, robo saa kurudi, akilalamika kila siku. Alipokuja kupimwa, presha ilikuwa imeshuka kuliko nilivyoiona kwa mwaka mzima. Sitadai ni kutembea peke yake, maana kipindi hicho alikuwa pia anameza dawa zake ipasavyo. Lakini alikuwa amepungua kilo tatu na alinieleza kwamba analala vizuri. Gari likatengenezwa. Sasa tumerudi tulipokuwa, na nimemwongezea kidonge cha pili.

Utaniuliza, je, chuo kikikua, magari yatakwenda wapi? Swali hili lilikwisha kupata jibu mahali ambapo watu wanapenda magari kutushinda sisi, yaani California, Marekani. Kufikia mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimeomba kibali cha upanuzi mkubwa, futi zipatazo milioni mbili mraba za majengo ya masomo. Kaunti ya Santa Clara, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kutoa kibali, haikukataa. Ilikubali kwa masharti, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba safari za magari za saa za msongamano zisiongezeke kupita kiwango kilichokuwapo. Angalia busara yake, msomaji. Kaunti haikupiga marufuku kila nafasi mpya ya kuegesha. Kilichowekewa mpaka ni idadi ya magari yanayoingia na kutoka, nayo ikawa inahesabiwa mwaka baada ya mwaka.

Chuo kilipobanwa hivyo kikaanza kufikiri. Kikaimarisha mabasi yake ya bure, kikawalipia wafanyakazi nauli ya treni, kikatoza ada ya kuegesha na kuwapa pesa wale waliokubali kuacha magari nyumbani. Mwaka 2002, wafanyakazi 72 kati ya 100 walikuwa wakifika kazini kila mtu peke yake garini mwake. Baada ya miaka kama kumi na mitano, walikuwa wamebaki karibu nusu. Majengo yalijengwa, masomo yaliendelea.

Najua tutaambiwa kwamba Stanford ina fedha na treni, na sisi tuna matatu. Ni kweli. Lakini hata basi moja la chuo linalozunguka kutoka steji kuu asubuhi na jioni haliwezi kulinganishwa na gharama ya ekari moja na robo ya ardhi Nairobi. Tena hapa kwetu wengi wa wanafunzi na wafanyakazi wa ngazi za chini hawana magari kabisa. Wanatembea na kupanda matatu tayari. Tunachotaka kufanya ni kuwanyang'anya njia yao ya miguu na kivuli chao ili kumfaa yule mmoja mwenye gari, halafu tunamwita yeye ndiye mhitaji.

Kuna pingamizi moja ambayo siwezi kuipuuza. Dada mmoja anayefanya kazi katika maktaba ya chuo aliniambia, "Daktari, wewe ni mwanamume. Mimi hutoka saa tatu usiku, hiyo njia ya miti haina hata taa moja." Ana haki. Wapo pia walemavu, wajawazito, na wagonjwa wanaopelekwa zahanati ya chuo. Hao wapewe nafasi za karibu kabisa na mlango, tena zilindwe zisichukuliwe na wakubwa. Lakini njia isiyo na taa dawa yake ni taa. Kwa nini tumpe dada huyu lami ya magari 200, naye hana hata moja?

Sasa wewe ufanye nini ukiona tangazo kama hilo mtaani mwako? Kwanza, ulisome, hata kama limefichwa. Pili, uandike maoni yako na kuyapeleka ofisi ya mipango ya kaunti ndani ya siku zilizotajwa. Huna haja ya kuwa jirani mwenye hatimiliki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba anayeanza ujenzi bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Aidha, aliyeathiriwa na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati maalumu ya kaunti. Siku 14 ni chache, hivyo usingoje trekta lifike.

Mimi sikuandika kuomba ombi la jirani zangu likataliwe moja kwa moja. Niliomba masharti. Chuo kihesabu kwanza magari yanayoingia sasa na yana watu wangapi ndani. Nafasi zilizopo zilipiwe na wanaozitumia, na pesa hizo zinunue basi. Njia ya miguu ibaki na iwekwe taa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Mijakaranda isiguswe. Na pale langoni, ambapo wanafunzi huvuka barabara wakikimbia kama swara, pawekwe kivukio na matuta, maana mwaka huu pekee nimeshona majeraha ya wawili waliogongwa na pikipiki hapo hapo.

Barua niliipeleka Jumatatu. Karani aliigonga muhuri, akaniuliza kama mimi ni mwenye ploti. Nikamwambia mimi ni daktari wa pale ng'ambo ya barabara. Akacheka, akaniambia hajawahi kupokea barua ya daktari. Nakala ipo kliniki, mezani pa muuguzi, kwa yeyote anayetaka kuisoma na kutia sahihi kabla ya Ijumaa ijayo.