Usipake lami mpya juu ya lami kuukuu

Leo naweka kompyuta kando kidogo, wasomaji wangu, tuongee magari ya zamani, hasa Peugeot 504, lile lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Wanaoyafufua wakifika chini ya gari, wengi hufanya jambo ambalo mimi silikubali: wanaosha, wanangoja pakauke, kisha wanapuliza lami mpya juu ya ile ya zamani. Panang'aa, mnunuzi anatoa pesa. (Waandishi wa programu mnaijua tabia hii. Programu kuukuu haieleweki, basi inafunikwa na nyingine.)

Lami ikizeeka hukauka na kupasuka. Maji hupenya kwenye ufa yakakaa kati ya lami na bati, na hewa haifiki kuyakausha. Gari la Mombasa lina chumvi juu yake. Hivyo kinga yenyewe inageuka blanketi la kulea kutu. Na 504 ya saluni haina chesisi ya peke yake kama lori: sakafu na vizingiti ndivyo vinavyobeba gari, na mikanda ya usalama inashikiliwa humo humo. Hapo si suala la urembo tena.

Gonga kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama kitu kitupu, au ikibanduka kwa kucha, ng'oa. Iliyoshika barabara iache. Wanaotaka kila tone litoke naona wanajitafutia kazi bure. Ile gundi ya kiwandani kwenye viungo vya mabati nayo usiiguse kama haijapasuka.

Kabla ya chochote, gari likae juu ya stendi za chuma, si jeki peke yake, na mawe ndiyo kabisa hapana. Baadhi ya lami za miaka ile zilichanganywa na asbesto, kwa hiyo kuisaga ikiwa kavu ni kujitafutia ugonjwa wa mapafu, wewe na watoto wanaopita karibu na gereji. Ilowanishe, kwangua polepole kwa skrepa, vaa barakoa yenye vichujio, si kitambaa. Brashi ya waya ya mashine huipasha moto tu ikawa ulimbo, ikatapakaa kila mahali. Mabaki yatoe kwa kitambaa chenye mafuta taa. Moto wa gesi sahau, mabomba ya petroli yako hapo hapo.

Barafu kavu, yenye baridi ya digrii 78 chini ya sifuri, huigandisha lami mpaka ikatike kama biskuti. Kazi safi sana, ila mashine ya kuirusha ni ghali.

Na ile oili chafu ya injini inayopulizwa chini? Si dawa. Inaharibu bushi za mpira na kudondoka ardhini.

Bati likishaonekana, ondoa kutu, paka praima ya epoksi, zibua vitundu vya kutolea maji, ndipo upulize lami mpya. Ukiuziwa 504 iliyopakwa weusi mpya chini, omba picha za bati kabla halijapakwa. Muuzaji akikosa, shusha bei au ondoka.