Homa Ipi, na Chanjo Ipi? Lugha na Uamuzi wa Mzazi Meru na Embu

Wahenga walinena kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ukweli wa methali hii humdhihirikia zaidi mzazi aliyejaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down. Katika miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru, mzazi wa namna hii hukabiliwa na swali ambalo wazazi wengine huenda wasilipe uzito: je, mtoto achanjwe dhidi ya homa ya mafua au asichanjwe? Makala haya yanashikilia kuwa swali hilo, ingawa ni la kitabibu, limetatizwa pia na lugha. Na kwamba wanaosoma na kufundisha Kiswahili wana wajibu katika kulitatua.

Kwanza ni vyema hali yenyewe ifahamike. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza mwaka 1866. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kuwa chanzo chake ni kromosomu ya 21 iliyozidi moja. Hivyo basi, si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Hata hivyo, karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Aidha, njia zao za hewa huwa nyembamba, misuli yao huwa legevu, na kinga ya miili yao huwa dhaifu. Virusi vinavyomlaza mtoto mwingine kwa siku tatu vinaweza kumfikisha huyu kwenye nimonia na kitanda cha hospitali.

Chanjo ya kumkinga ipo. Hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Mtoto mdogo, wa chini ya miaka 9, anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili zinazopishana kwa muda usiopungua wiki 4. Kisha hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hivyo hubadilika. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwataja watoto wa miezi 6 hadi 59, pamoja na watu wenye maradhi sugu, miongoni mwa wanaostahili kufikiriwa kwanza. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wanaoishauri serikali ya Kenya lilipendekeza ipewe watoto wa miezi 6 hadi 23. Lakini chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo zinazotolewa bila malipo. Mzazi anayeitaka hana budi kuitafuta na kuinunua.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno ‘homa’ limebebeshwa mizigo mingi. Kwa Mtanzania, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Kwa Mkenya wa kawaida, ‘nina homa’ mara nyingi humaanisha kuwa ana mafua. Zaidi ya hayo kuna homa ya matumbo, homa ya manjano na homa ya malaria. Mnamo Julai 2025 serikali ya Kenya iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo. Mzazi ambaye mwanawe alichanjwa wakati huo anaweza kusema kwa dhati kwamba mtoto ‘alishapata chanjo ya homa’, kumbe alikingwa dhidi ya maradhi mengine kabisa. Vivyo hivyo, chanjo ya nimonia inayotolewa nchini tangu mwaka 2011 huzuia bakteria fulani. Haizuii virusi vya homa ya mafua.

Utata huu hukomaa pale muuguzi anapotoa tahadhari kwamba baada ya sindano mtoto ‘anaweza kupata homa kidogo’. Yeye amekusudia joto la mwili, ambalo huisha baada ya siku moja au mbili. Mzazi anasikia kwamba chanjo ya homa inaleta homa. Ukweli ni kwamba virusi vilivyomo katika sindano hiyo vimeuawa na haviwezi kuambukiza. Kwa kauli moja isiyo na hila, mzazi amejengewa hofu asiyostahili kuwa nayo, na pengine hatarudi tena.

Lipo pia suala la majina. Mtoto huyu huitwa zezeta, taahira au punguani, wakati mwingine na jamaa zake mwenyewe. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Jambo hili si adabu tu. Anayemwita mtoto taahira ndiye huyo huyo atakayeuliza kwa nini fedha za nyumba zitumike kumnunulia chanjo. Jina baya hutoa hukumu kabla ya daktari kusema neno.

Wapo watakaodai kuwa kikwazo ni bei wala si msamiati. Hoja hiyo ina uzito, kwani istilahi bora haishushi bei ya dawa. Lakini mwenye fedha chache ndiye anayehitaji zaidi kuelewa anachokinunua. Na raia hawezi kuidai serikali ya kaunti kitu asichoweza kukitaja. Wengine watasema Kimeru na Kiembu vingefaa zaidi. Pale muuguzi na mzazi wanapozielewa lugha hizo, na zitumike. Wasipokuwa na lugha moja ya kwanza, Kiswahili ndicho huwakutanisha. Isitoshe, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru viko katika eneo hili hili. Wanafunzi wa tafsiri na isimujamii wa huko wanaweza kuanza na mambo matatu: kutenganisha ‘mafua’ ya kawaida, ‘homa ya mafua’ na ‘joto la mwili kupanda’, kuandika maelezo mafupi ya chanjo kwa ushirikiano na wauguzi, na kuwauliza wazazi wameelewa nini kabla ya maelezo hayo kuchapishwa. Uamuzi utabaki kuwa wa mzazi, akisaidiwa na daktari anayeujua moyo na afya ya mtoto wake. Wajibu wa wanalugha ni kuhakikisha kwamba, akikubali au akikataa, awe anajua ni homa ipi na ni chanjo ipi.