Makmende Aliimeza Albamu

Mwaka 2009 Just A Band, kundi lililoanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa albamu yake ya pili, 82. Mwaka uliofuata video ya wimbo mmoja tu, Ha-He, ilimleta Makmende, watu wakacheka, albamu ikasahauliwa. Wasomi wetu nao waliishia kwenye kicheko.

Napinga. Jina lenyewe ni kauli ya Clint Eastwood katika filamu, iliyotafunwa na watoto wa Nairobi hadi ikawa kejeli kwa anayejifanya shujaa. Huo ni utohoaji, tena ulio hai kuliko mifano ya vitabuni.

Naambiwa nyimbo hizo zimechanganya lugha, si Kiswahili sanifu. Uganda tunakijua kisingizio hicho. Kiswahili kiliitwa lugha ya askari na wezi, ilhali hapa Kisenyi Msomali, Mkongomani na Mganda hupatana bei kwacho. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, soko halikungoja.

Walimu wetu, taarabu mnaifundisha, na ni haki yake. Basi isikilizeni 82 yote, si wimbo mmoja, kisha mtutungie swali la mtihani.