BEI YA MGONJWA INAPANGWA NA NANI?



Kila mwisho wa mwezi twakatwa. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile iitwayo SHA, ikashika mahali pake, twakatwa Shs. 2/75 katika kila shilingi mia, na hesabu hufanywa juu ya mshahara mzima. Mwenye Shs. 40,000/- hutoa Shs. 1,100/-. Mwenye Shs. 60,000/- hutoa Shs. 1,650/-. Zamani za NHIF kulikuwa na kikomo cha Shs. 1,700/-, sasa hakuna kikomo. Na tajiri je? Tajiri hatoi hata senti yake moja. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Hilo tutalisema siku nyingine, maana ni kesi nzima peke yake.

Leo twataka kusema juu ya upande wa pili wa fedha hizi. Zikiisha kukatwa, Serikali hulipa hospitali kiasi gani kwa kututibu, na ni nani aliyekipima kiasi hicho? Ndugu wengi wamezoea kusema, "Hayo ni maneno ya madaktari na wenye hospitali, sisi yanatuhusu nini?" Sikieni basi yanavyotuhusu.

Katika orodha ya bei iliyotangazwa mwaka 2024, mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya ngazi ya nne alipangiwa Shs. 3,360/- kwa siku. Ngazi ya tano Shs. 3,920/-, ngazi ya sita Shs. 4,480/-, na kituo kidogo cha ngazi ya tatu Shs. 2,240/-. Fedha hizo si za kitanda tu. Ndani yake mna chakula, nesi wa mchana na wa usiku, daktari anayepita kumtazama, vipimo vya damu, na dawa. Mwenye homa ndogo na mwenye mapafu yaliyojaa maji wote ni bei moja. Kule mashambani ambako dawa hufika kwa lori kupitia barabara mbovu, bei ni ile ile ya mjini. Sisi twauliza swali moja tu: hesabu hii ilipatikana wapi? Nani alikwenda hospitali akahesabu pamba, stima, maji, mishahara na mashine zinazochakaa, akajumlisha, akapata 3,360? Kama alikwenda, na atuonyeshe daftari lake.

Sisi watu wa reli hatuwezi kudanganywa juu ya nauli. Behewa la mzigo haliondoki stesheni bila mtu kuhesabu dizeli, grisi, magurudumu, dereva, na gengi la vibarua wanaotengeneza njia. Tena twajua kwamba bei yaweza kupangwa kwa upendeleo na ikaitwa hesabu. Katika miaka ya 1920 mahindi ya masetla yalichukuliwa na reli kwa nauli ndogo sana mpaka pwani, na pengo likajazwa na wengine waliotozwa nauli kubwa juu ya bidhaa zao. Ilikuwa imeandikwa vizuri katika kitabu cha nauli, kwa namba safi. Namba safi si kitu. Mwulizeni aliyeziandika alikuwa ameketi na nani mezani.

Katika shule za misheni tulisomeshwa kwamba muuzaji mwenye mizani ya uongo hutenda dhambi. Hatukusomeshwa habari za mnunuzi ambaye mizani ni yake, mawe ya kupimia ni yake, na soko ni lake. Hivyo ndivyo Serikali ilivyo katika jambo hili. Yeye ndiye mnunuzi mkubwa wa matibabu, na yeye ndiye mtoa bei.

Bei ikiwa ndogo kuliko gharama ya kweli, pengo halipotei hewani. Wenye hospitali hawatalijaza kutoka mifuko yao, hata kidogo. Litajazwa na mgonjwa au na mfanya kazi wa hospitali. Fundi mmoja wa karakana yetu alimpeleka mkewe kulazwa siku sita. Aliambiwa bima imekubali, basi akatulia. Siku ya kutoka alipewa karatasi ya pili, dawa hizi hazimo, kipimo hiki hakimo, leta elfu kumi na moja. Mama akakaa kitandani siku ya saba kama dhamana, mpaka tukachanga. Mtu huyu alikuwa amekatwa kila mwezi bila kukosa. Alilipa mara ya kwanza kwa mshahara, akalipa mara ya pili kwa mfuko wa rafiki zake. Hospitali ile ilimwambia kosa ni la bei ya Serikali. Serikali husema kosa ni tamaa ya hospitali. Fundi wetu hana kazi na mabishano hayo, yeye anadaiwa.

Na wale manesi na wafagiaji wa hospitali ni ndugu zetu pia. Wakidai nyongeza huambiwa, "SHA hulipa kidogo." Wakidai kazi ya kudumu huambiwa hivyo hivyo. Basi bei ndogo imekuwa rungu la kuwapigia wafanya kazi wa pale, na sisi hatuwezi kulifurahia rungu hilo kwa sababu leo halijatugusa kichwa.

Lakini msidhani chama hiki kinasema wenye hospitali wapewe kila wanachodai. La! Tazameni hesabu ya mtu wa figo. Kusafishwa damu kwa mashine kulipangiwa Shs. 10,650/- kila mara, mara mbili kwa juma. Wakati wa NHIF ilikuwa Shs. 9,500/-. Kwa mwaka ni mara 104, yaani Shs. 1,107,600/-. Mwenye mshahara wa Shs. 40,000/- hutoa Shs. 13,200/- kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe. Yatakiwa makato ya watu 84 kumweka hai mgonjwa mmoja. Hatulii kwa hayo, maana leo ni yeye na kesho ni mmoja wetu, na ndiyo sababu ya kuchanga. Lakini wenye mashine wakiongezewa elfu moja tu kila mara, ni makato ya watu karibu wanane zaidi kwa kila mgonjwa. Wakiomba elfu hiyo na waonyeshe imekwenda wapi. Ikiwa ni dawa na vifaa, tutasema ilipwe. Ikiwa ni faida, hapana.

Tena kuna bei inayomfundisha mtu tabia mbaya. Mama akijifungua kwa kawaida ni Shs. 10,000/-, akipasuliwa ni Shs. 30,000/-. Upasuaji una gharama zaidi, hatukatai, na huokoa wengi. Lakini pengo likiwa kubwa kupita gharama yenyewe, kisu kitapata kazi isiyo yake. Na wezi wamekuwapo. Mwaka 2023 NHIF ilisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya uongo, na chini ya SHA nyingine zimesimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Kila bili ya mgonjwa hewa ni mshahara wa mtu aliyetoka jasho.

Kisha kuna jambo la kuchelewa. Bei nzuri isiyolipwa si bei. NHIF ilikufa ikiacha madeni ya mabilioni ya shilingi. Machi 2025 Rais mwenyewe alitangaza kwamba hospitali zinazodai si zaidi ya milioni 10 zitalipwa zote, na wenye madai makubwa wakaguliwe kwanza. Mfanya kazi angecheleweshewa mshahara hivyo, njia nzima ingesimama.

Wengine wameyaona haya. Jirani zetu Tanzania walitangaziwa kitita kipya cha bei kuanza 1 Machi 2024, na hospitali kadhaa za binafsi zikakataa kupokea wanachama wa bima. Walioumia siku zile ni wenye kadi, waliosimama mlangoni. Ghana walianza mwaka 2012, katika mkoa wa Ashanti, kulipa kliniki fungu moja kwa kila mtu aliyeandikishwa, na mwaka 2017 mpango ukasimamishwa baada ya ugomvi mwingi. Fungu la namna hiyo si baya lenyewe, maana Thailand hulitumia tangu 2002 na watu wao wanatibiwa. Ila Thailand huhesabu gharama za hospitali na kuitengeneza bei tena na tena.

Twadai hivi. Hesabu ya gharama iliyozaa kila bei itangazwe hadharani, pamoja na orodha yenyewe. Ndani ya hesabu hiyo mshahara wa nesi na mfagiaji uwe ule wa mapatano ya chama chao, si ule wa kibarua. Bei itazamwe upya kila mwaka, maana bei ya dawa haingoji. Hospitali ilipwe kwa siku zilizowekwa, na ikiisha kulipwa, ikimtoza mgonjwa nyongeza kwa kitu kilichomo katika bei, irudishe na kutozwa faini. Na katika jopo linalomshauri Waziri juu ya bei, sauti ya wenye kukatwa isikike kwa mtu waliyemchagua wenyewe, si mtu wa kuchaguliwa na bwana mkubwa kwa niaba yao.

Mwanachama yeyote aliyelipishwa nyongeza tangu Oktoba 2024 alete risiti yake, au nakala, kwa katibu wa tawi lake. Nyuma aandike siku alizolazwa, ngazi ya hospitali, na kitu alichoambiwa hakimo. Asiye na risiti aje aeleze, karani ataandika. Watu wa gengi walio mbali na stesheni wampe mnyapara wao, naye alete pamoja na karatasi za malipo ya mwezi. Zikikusanyika tutazipeleka kwa Waziri, zote, kwa mkono.