Anunuaye Sare Atauza Haki

Neno kwa wazazi, vijana na viongozi wa walei kuhusu wanaoacha kazi zao na kujiunga na polisi



Kila inapotangazwa siku ya kuandikisha makurutu wa polisi katika nchi yetu ya Kenya, wanaofika uwanjani alfajiri si vijana waliomaliza shule jana tu. Wamo walimu wanaolipwa ujira mdogo na bodi za shule, wamo makarani, mafundi wa umeme, madereva wa bodaboda, wenye diploma na wenye shahada. Kwa kawaida tangazo hudai alama ya D+ katika mtihani wa kidato cha nne. Aliye na shahada hukiweka cheti chake kikubwa chini ya kile kidogo, akavua viatu, akakimbia pamoja na wenzake.

Jambo hili limezua maneno ya aina mbili katika parokia zetu. Wapo wanaosema: msomi mzima, mwalimu mzima, atawezaje kuacha chaki akashika rungu? Wapo pia wanaosema: mwacheni aende, na ikiwa mlango umefungwa, ufunguo wake ni fedha, tuuze ng'ombe tumwingize. Wa kwanza wanaidharau kazi yenyewe. Wa pili wanaipenda kazi, lakini wanaiua kabla haijaanza. Hatuwezi kunyamaza mbele ya makundi haya mawili, maana kati yao ndimo anamozaliwa yule askari tunayemlalamikia kila siku.

Kuacha chaki si dhambi

Tuanze na wenye dharau. Mwaka 2024 mwalimu mwanagenzi wa shule ya sekondari ya chini alikuwa akilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ingawa alikuwa amehitimu na kusajiliwa kama walimu wengine. Mwezi wa Aprili mwaka huo mahakama ya kazi ilitamka kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na mwezi wa Mei walimu hao wakagoma. Kijana wa namna hiyo akitafuta kazi yenye mshahara wa kudumu, ni nani kati yetu atakayemnyoshea kidole? Kuwalisha watoto na kuwatunza wazazi ni wajibu, wala hakuna amri inayomfunga mtu kwenye kazi ya kwanza aliyoipata.

Wengine husema kazi ya polisi haimfai Mkristo kwa sababu ni kazi ya kumwaga damu na kula rushwa. Hao na wasome Injili ya Luka, sura ya tatu. Askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohane hakuwaagiza wavue mavazi yao ya kazi warudi kulima. Aliwakataza kumnyang'anya mtu mali kwa nguvu, akawakataza kumsingizia mtu, akawataka waridhike na mishahara yao. Ni kana kwamba nabii yule wa jangwani alikwisha kuviona vizuizi vya barabara zetu. Naye jemadari Kornelio, tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume, alibatizwa akiwa askari, wala Petro hakumwekea sharti la kuacha kazi.

Tena dharau hii ni ya kinafiki. Anayemtukana polisi mchana ndiye anayempigia simu usiku wezi wanapovunja mlango. Mwezi wa Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Hao nao walikuwa watoto wa watu. Na tukiwazuia vijana wetu waadilifu wasiende huko, tutashangaa vipi tukikutana na wasio waadilifu barabarani? Mwalimu aliyejifunza kuwavumilia watoto 60 katika darasa moja, akatuliza ugomvi wao bila kumwumiza yeyote, amebeba ujuzi ambao kituo cha polisi kinauhitaji kuliko bunduki.

Kwa hiyo tusibishane juu ya kuacha kazi moja na kushika nyingine. Tuulizane kijana anaingia kwa mlango upi.

Ng'ombe aliyeuzwa

Hapa ndipo tuwageukie wanaonunua. Ng'ombe akiisha kuuzwa, au kipande cha shamba, au mama akiisha kukopa katika chama, fedha ile iliyopelekwa gizani haipotei. Inageuka kuwa deni. Deni lile halilipwi na aliyeipokea bahasha. Litalipwa na dereva wa matatu, litalipwa na mama anayeuza mboga kando ya barabara, litalipwa na kijana aliyekamatwa jioni bila kosa akaambiwa ajikomboe kabla ya kufika kituoni. Familia iliyotoa hongo imemtuma mwanawe akaikusanye fedha yao. Imemvisha sare kama mtu anavyofungua duka, na mwenye duka hutazamia faida. Siku mnapomlaani polisi kwa kuomba kitu kidogo, kumbukeni kwamba kitu kidogo kile kilianza kuwa kitu kikubwa sebuleni kwa mmoja wetu.

Mambo haya si uvumi wa sokoni. Mwezi wa Julai 2014 waliandikishwa makurutu wapatao 10,000 nchini kote. Malalamiko ya rushwa yakawa mengi hata Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba Mahakama Kuu ikalifuta zoezi zima. Mwezi wa Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na Rais akaagiza makurutu wale wale waende mafunzoni, kwa kuwa nchi ilihitaji walinzi. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikashikilia hukumu ile. Tuipime hekima iliyomo. Nchi iliyotoka kuzika vijana wake ilihitaji polisi, naam. Lakini mlinzi aliyeingia kwa kununua amekwisha kuonyesha kwamba lango lina bei, na adui naye ana fedha.

Najua majibu yatakayotolewa. Watasema: kila mtu anatoa. Si kweli. Maskini hana cha kutoa. Mtoto wa mjane alikimbia akawa mbele, akapimwa akaonekana mzima, kisha jina lake halikusomwa. Mahali pake pakasomwa jina la mtoto wako. Unadhani umemnunulia mwanao kazi, kumbe umemwibia mwenzake.

Watasema: ile ilikuwa asante tu. Asante hutolewa baada ya jambo kutendeka, tena mchana, mbele ya watu. Inayotolewa kabla, kwa siri, kupitia kwa mtu wa kati asiyetaka kuandikiwa risiti, ina jina lake, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inalijua jina hilo. Sheria hiyo inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji pamoja na mpokeaji, na kifungo chaweza kufika miaka 10.

Watasema: tulidaiwa, tungefanya nini? Nakubali kwamba dhambi ya anayedai ni kubwa kuliko ya anayebanwa. Aliyekaa mezani akauza nafasi za umma atajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini mdai huyu hunenepa kwa sababu hakosi mteja. Wazazi wa parokia moja tu wakikubaliana kwamba hawatatoa, biashara yake itakuwa imetikisika katika tarafa ile.

Na hapa neno linatuingia sisi wenyewe, mpaka ndani ya ukumbi wa parokia. Jumuiya inapoitwa kuchangia safari ya kijana kwenda kuandikishwa, na kila mmoja anajua kwamba nauli haifiki kiasi kile, basi jumuiya nzima imetoa hongo. Kijana anapofaulu kwa njia hiyo, tukaomba misa ya shukrani, tukapika na kupiga vigelegele, tunamshukuru Mungu kwa kitu ambacho si yeye aliyekitoa.

Agizo la mkubwa si kinga

Sasa niseme na wewe kijana unayekwenda kwa mlango ulio wazi. Usidhani umemaliza. Mtihani mkubwa unakungoja baada ya Kiganjo.

Mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyodaiwa kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa mpaka Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza wananchi waliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Wataalamu walioupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, wakasema hayo si majeraha ya mtu aliyejiumiza. Kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini wewe uliyekuwa mwalimu jana, tafakari: aliyeingizwa katika seli ile alikuwa mwalimu. Je, kama ufunguo ungekuwa mkononi mwako usiku ule, ungefanya nini?

Utaambiwa: amri ni amri. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inasema wazi kwamba kutii agizo la mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu isivyo halali. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa siku hizo ziwe si siku za mahakama. Kwa hiyo anayekataa kumpiga mahabusu haasi. Anaitii sheria ambayo mkubwa wake ameivunja. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, risasi zilizowaua hazikujipiga zenyewe. Kila moja ilipitia kidole cha mtu mwenye dhamiri, na kila dhamiri itahesabiwa peke yake.

Kukataa kuna gharama. Waweza kuhamishwa, waweza kunyimwa cheo. Lakini kutii uovu nako kuna gharama yake. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, aliyekuwa amemlalamikia polisi, na dereva aliyewachukua. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja. Polisi hao nao waliwahi kusimama uwanjani alfajiri, wakakimbia, wakala kiapo, wakapigiwa vigelegele nyumbani.

Deni la serikali

Haitakuwa haki kumhubiria askari wa chini na kuwaachia wakubwa. Yohane alipowaambia askari waridhike na mishahara, alidhani kwamba mshahara wa kumridhisha mtu upo. Konstebo anayegawana chumba kimoja na familia nyingine, pazia likiwa ndilo ukuta, amedhulumiwa kabla hajamdhulumu mtu. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga liliyachunguza maisha ya polisi, likatoa taarifa yake mwaka 2023, likapendekeza mishahara iongezwe na makazi yaboreshwe. Tunaitaka serikali iyatimize yote, si mishahara pekee. Vilevile tunaikumbusha kwamba Katiba ilifanya polisi kuwa huduma ya taifa. Inapowatumia kulinda viti vya wakubwa dhidi ya wananchi, inawarudisha kwenye kazi waliyoundiwa enzi za ukoloni.

Tufanye nini?

Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zisichange fedha yoyote kwa ajili ya kuingia polisi, isipokuwa nauli na chakula cha njiani, tena kwa hesabu iliyo wazi.

Pili, halmashauri ya parokia iteue waamini wawili au watatu waaminifu wahudhurie uwanjani siku ya kuandikisha makurutu. Waandike wanayoyaona: saa, mahali, idadi ya waliofaulu, majina yaliyosomwa. Palipo na rushwa wapeleke habari kwa IPOA na kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Tatu, familia inapoleta nia ya misa ya shukrani kwa ajili ya kazi, kiongozi wa jumuiya aulize kwa upole nafasi ilipatikanaje. Swali hilo likizoeleka, aibu itarudi mahali pake.

Nne, tusiwaache polisi wetu peke yao. Tuwatembelee katika makazi yao, tuwakaribishe katika jumuiya, tuwasikilize waliolemewa na mambo waliyoyaona. Askari asiye na wa kumwambia ukweli atabaki na wale wanaomfundisha uongo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu tumewahi kuchangia fedha tukijua zinakwenda kununua nafasi ya kazi? Ni nani aliyekosa nafasi hiyo?

2. Kijana wetu aliye polisi akikataa agizo lisilo halali na kupoteza kazi, je, tutampokea kwa heshima, au tutamcheka kwamba ameshindwa na maisha?

3. Katika parokia yetu, ni nani atakayesimama uwanjani siku ya kuandikisha makurutu inayokuja?